Mwalimu na Kofia ya Muuza Mikunga

Mwalimu aliijua London kabla hajaiona, na hilo ndilo lililomharibu. Aliijua kwa ramani. Miaka mingi aliwafundisha watoto wa Kihindi wa Mombasa, mimi nikiwa mmoja wao, majina ya madaraja ya mto Thames kwa mpangilio, kutoka magharibi kwenda mashariki, na aliyeruka daraja moja alinyoosha kiganja akapokea fimbo. Vivuko vya kisiwa chetu wenyewe hakutuuliza hata siku moja. Likoni aliiita "kule".

Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa, na mimi sikutaka kujua. Ninachokumbuka ni namna alivyosimama: mguu mmoja mbele, kidevu juu, kana kwamba kuna mtu yuko pembeni anamchonga sanamu. Alisimama hivyo darasani, alisimama hivyo akisubiri basi, na nina hakika alisimama hivyo hata bafuni.

Alikuja London mwaka uleule tuliokuja sisi, Wahindi wa Kenya tulipokimbilia ndege kabla Waingereza hawajatufungia mlango. Watu walibeba dhahabu ndani ya mikebe ya achari, wengine vyerehani, wengine mablanketi. Yeye alibeba fimbo yake ya kuonyeshea, ya mpingo, na ile ramani ya London iliyokuwa ukutani darasani, ameikunja kama mkeka. Afisa wa uwanja wa ndege alipomuuliza fimbo ni ya kazi gani, alimjibu kwa Kiingereza chake cha redioni kwamba ni ya kufundishia habari za mji huu. Hadithi hii aliisimulia yeye mwenyewe, kwa hiyo ondoa nusu.

London haikuwa na haja naye. Vyeti vyake viliangaliwa, vikarudishwa na barua ya adabu, na Mwalimu akapata kazi kiwandani, kupanga biskuti ndani ya makopo. Jumatatu hadi Jumamosi alikuwa mpanga biskuti. Jumapili alivaa suti na tai, akachukua fimbo, akawakusanya wageni wenzake nje ya stesheni na kuwatembeza kuona majengo ya kale. Alitaka kitu kimoja tu duniani, na kila mtu alikijua kwa sababu hakuacha kukisema: afanye mtihani wa waongozaji wa mji, apewe beji, aivae kifuani. Beji ile ingemfanya mwalimu tena, na safari hii Waingereza wenyewe ndio wangekuwa wamekubali.

Mama yangu alimwabudu. "Mwalimu amesema" lilikuwa neno la mwisho nyumbani kwetu, iwe habari ni ya wafalme au ya dawa ya kikohozi. Kwa ajili ya Mama nilikwenda ziara zile, Jumapili baada ya Jumapili, miguu imekufa ganzi kwa baridi.

Tulikuwa watu wa kila namna: Wagujarati, Wapunjabi, masingasinga, sisi Wakachi. Lugha ya mmoja mwingine hakuielewa, kwa hiyo ndani ya basi tulizungumza Kiswahili, na kondakta wa Kijamaika alikuwa akitutazama asijue tumetoka sayari gani. Mwalimu alihutubia kwa Kiingereza, kwa sauti ya juu, ili Waingereza wapitao wamsikie. Kutukana alitukana kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, akitabasamu. "The Tower was begun by the Conqueror," angesema, halafu bila kugeuza uso: "Wewe mama mwenye shali ya kijani, acha kutafuna, unatuaibisha."

Kula ndiko kulikomuudhi kuliko yote. Akina mama walikuja na chapati za thepla, chevdo ya kutafuna na achari ya maembe, na chai ya maziwa kwenye thamosi. Mwalimu alikataza chakula kisifunguliwe mbele ya jengo lolote lenye zaidi ya miaka mia mbili. Katikati ya London hilo lilikuwa sawa na kusema tusile kabisa. Yeye mwenyewe, mara tulipomaliza, alikuwa akipita nyuma ya akina mama na kuomba "kidogo tu, nionje", na alikula akiwa ameupa mgongo mto, kwa haraka, achari ikimchuruzika mpaka kwenye mkono wa shati.

Wala hatukuingia ndani popote. "Historia iko nje," alisema. "Ndani kuna vumbi na vitu vya kuuza." Kanisa kuu lile lenye kuba nililizunguka mara kumi na moja kabla sijajua kwamba lina viti. Nilidhani ni ubahili wake. Siku moja nilimwona amebaki nyuma, ameshika kitasa cha mlango mdogo wa pembeni. Bawabu alitokea, akamtazama tu, na Mwalimu akakiachia kitasa kile na kusema "Sorry, sir" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia darasani. Nilifurahi. Lazima niseme kweli, nilifurahi.

Lakini siku nzuri kuliko zote kwangu ni ile ya kanisa la hewani. Ramani yake ilikuwa imechapishwa kabla ya vita, naye hakuwahi kufikiri kwamba mji unaweza kubadilika bila kumjulisha. Alituongoza, watu arobaini na zaidi, vichochoro viwili vitatu, akihesabu kona kwa fimbo, mpaka tukatokea mbele ya ofisi ya vioo na maegesho ya magari. Kanisa alilotuahidi lilipigwa mabomu nilipokuwa sijazaliwa. Mtu mwingine angecheka, angesema jamani nimekosea, twendeni tukanywe chai. Mwalimu aliweka mguu mbele, akainua kidevu. "Tazameni mnara," alisema, akanyoosha fimbo juu ya yale magari. "Tazameni kengele zake nane." Na wao wakatazama. Mama yangu alitazama. Watu arobaini wenye akili zao, waliolea watoto na kuendesha maduka, waliinua shingo wakatazama mawingu kwa dakika ishirini, na mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akimtembeza mbwa akasimama, akatazama juu naye.

"Umeona lolote?" nilimuuliza Mama njiani.

"Mwalimu ameeleza vizuri sana," alisema.

Nikimsema vibaya hivi, itabidi nitaje na yale ya upande wa pili, ingawa sipendi. Watu wa Uganda walipofukuzwa na kuja na sanduku moja moja, ni yeye aliyewafundisha treni za chini ya ardhi. Alikwenda kambini walikowekwa, akatandika ramani ya treni sakafuni, akamshika kila mmoja kidole na kukipitisha juu ya mstari wake: hapa unapanda, hapa unashuka, hapa usishuke hata ukiitwa jina lako. Kuna vikongwe Kingsbury, kaskazini mwa London, waliofika kazini siku ya kwanza kwa sababu ya kidole kile. Aliwafundisha akiwaita wajinga, lakini aliwafundisha, na hakukosa kwenda hata wiki moja mpaka kambi ikafungwa.

Huyo huyo aliandika barua Mombasa kwamba anafundisha chuo. Mke wake alizipeleka posta, na mke wake ndiye aliyemwambia Mama.

Sasa nije kwenye soko, maana hapo ndipo mimi na yeye tulipokosana, ingawa yeye hakujua.

Wakati huo nilikuwa nimeacha ziara, nimepata meza ya vitambaa katika soko moja la mashariki mwa London. Soko la zamani, la mtaani, limekaa pale kabla ya nusu ya majengo aliyokuwa akituonyesha. Kulia kwangu alikuwapo Mwingereza mzee aliyeuza mikunga, wale samaki warefu wenye utelezi, amewakata vipande akawagandisha ndani ya mchuzi wao. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia ya kitambaa ambayo hakuivua, kiangazi wala baridi. Mkewe aliniambia kwamba ujanani aliangukiwa na sufuria ya maji ya moto, na utosi wake umebaki kovu tupu. Mzee ndiye aliyenifundisha kupanga bidhaa ili mvua isizipate, na kumjua mwizi kwa viatu. Nilipokuwa sina kikombe alininywesha chai kwenye chake.

Darasani Mombasa, niliposahau daraja la nne, Mwalimu aliniambia mbele ya wenzangu: "Wewe utaishia sokoni." Basi, nilikuwa nimeishia sokoni, na nililipenda. Jumapili moja ziara yake ikapita mtaani kwetu, kwa sababu njia nyingine ilikuwa imechimbwa. Nilimwona Mama kwenye kundi. Nilimpungia mkono. Nilikuwa nimevaa vizuri, meza yangu imejaa rangi, watu wamenizunguka. Mwalimu alinitazama, akanijua, akageuka akawaambia wale watu kwa Kiswahili, safari hii kwa sauti kubwa: "Msitazame huko. Hatukuvuka bahari kuja kutazama wachuuzi."

Na wao, walioweza kutazama kengele ambazo hazipo, wakaacha kutazama. Mama yangu aliinamisha kichwa akapita.

Niliumia. Sikuumia kidogo. Jioni Mama hakulitaja, nami sikulitaja.

Kwa hiyo fikiria furaha yangu miezi michache baadaye Mwalimu aliponijia mwenyewe, ameshika daftari. Siku ya mtihani ilikuwa imepangwa. Watahini wangemtembeza, aeleze chochote watakachomsimamishia, na barua ilisema wazi: makanisa, majumba, na masoko. Fimbo hakuja nayo.

"Binti," alisema, akitazama kitambaa badala ya kunitazama, "hivi hapa pana nini cha kueleza?"

"Vitunguu tu, Mwalimu."

"Usinifanyie mzaha. Nisaidie."

Alikuja Jumamosi nne, baada ya zamu. Alikuwa mwanafunzi mbaya. Aliandika kila kitu na hakuangalia kitu. Nilimweleza kwa nini samaki wako upande wa kivuli, kwa nini waliokuja karibuni hupewa meza za mwisho, Wayahudi jana, sisi leo. Aliandika, akapiga mstari, akauliza: "Lakini ni mfalme gani aliyeamuru?" Nikamwambia hakuna mfalme, ni watu. Alifunga kalamu. Kwake yeye jambo lisilo na mfalme halikutokea.

Jumamosi ya nne alikuwa akitazama meza ya mikunga huku ameziba pua kwa leso. "Na huyu mzee," aliuliza, "mbona havui kofia hata mbele ya wanawake? Hana adabu?"

Nilikuwa nimechoka, na yale maneno ya wachuuzi yalikuwa bado yamenikaa rohoni. Nikamwambia ana ruhusa. Ruhusa gani? Ya malkia, nikasema, malkia mmoja wa zamani alipita hapa kwa miguu ana njaa, babu wa babu yake akampa bakuli la mikunga, malkia akala akasimama hapo hapo, akatamka kwamba ukoo huu usivue kofia mbele ya mtu yeyote, hata mfalme, mpaka mwisho wa dunia. Nilikuwa nikibuni neno baada ya neno huku nikipima kitambaa.

Uso wa Mwalimu ulifunguka. Sijawahi kuona mtu akifurahi namna ile. "Hii," alisema, "hii haimo kitabuni," na aliiandika yote, akaniomba nirudie ile sehemu ya bakuli.

Ningeweza kumwambia palepale. Ningeweza kumwambia wiki ile nzima. Nilijiambia hatawasimulia, nilijiambia watahini hawatasimama mbele ya mikunga. Kusema ukweli nilitaka awasimulie. Nilitaka siku moja na yeye asimame mbele ya watu wanaojua jibu.

Walikuja asubuhi, wanaume wawili na mwanamke mmoja mwenye miwani na ubao wa karatasi. Walisimama hatua tano kutoka mezani kwangu. Mwalimu aliweka mguu mbele. Alianza na kivuli cha samaki, akaeleza meza za mwisho, akaeleza vizuri, nikashangaa kwamba kumbe alikuwa akisikia. Halafu nikaona kidevu kinapanda, nikajua anamwendea malkia. Alisimulia mpaka mwisho. Yule mwanamke alimuuliza kitu, akajibu. Akamuuliza tena, akajibu tena, kifua mbele. Mwanamke akaandika. Muuza mikunga, aliyekuwa amesikia ukoo wake ukipandishwa cheo, alicheka mpaka akashika meza. Nilikuwa na mteja. Nilimpimia yadi tatu za pamba ya maua, nikakunja, nikafunga, na sikuinua macho.

Alifeli. Barua ilitaja habari zisizo na ushahidi. Yeye hakuisoma hivyo. Alisema wamemnyima kwa rangi yake, alisema hadithi aliyowapa hawakuijua wenyewe na ikawauma kufundishwa na Mhindi. Watu wote walimwamini, kwa sababu mambo hayo yalikuwa yakitokea kila siku, kila mmoja wetu alikuwa na la kwake. Uongo wangu ulijificha ndani ya ukweli huo kwa raha zake. Ziara ziliisha. Mama alikaa Jumapili zake dirishani, na Mwalimu akapanga biskuti mpaka alipostaafu.

Nilimwona tena mwaka juzi, Kingsbury Road, ndani ya duka la mboga. Mimi mwenyewe sasa natembea kwa mkongojo. Alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki katikati ya bamia na mabiringanya, mkamwana wake akichagua nyanya. Alikuwa amekonda, lakini kidevu kilikuwa palepale. Alikuwa akimweleza muuzaji kwamba bamia zake amezipanga kijinga. Nilitaka kupita. Badala yake nilimwamkia, "Shikamoo Mwalimu," na akanijua kwa jina, la kwangu na la mama yangu.

Tulizungumza habari za waliokufa. Halafu, sijui kwa nini siku ile, labda kwa kuwa na mimi ni mzee na mzigo ulikuwa umenichosha, nikamwambia.

"Mwalimu, ile hadithi ya kofia. Ya malkia. Niliibuni."

Aliacha kuzitazama bamia, akanigeukia.

"Uliwaambia watu wasitutazame sokoni. Uliwaambia hamkuvuka bahari kuja kutazama wachuuzi. Nilikasirika."

"Mimi nilisema hivyo?" Alikunja uso akitafuta. Alitafuta kwa muda mrefu, na niliona kwamba hakuna kitu. Nusu ya maisha yangu nimelibeba neno lile, na mwenyewe hakuwa nalo. "Yule mama aliniuliza," alisema polepole. "Mtahini. Aliniuliza nimeipata wapi. Nikamwambia kwa mwanafunzi wangu. Akaniuliza, una hakika naye? Nikamwambia, madam, nimemfundisha mimi."

Muuzaji alikuwa akimwaga viazi ndani ya kreti. Nilingoja kelele ziishe.

"Kwa hiyo haikuwa rangi," Mwalimu alisema. "Walikuwa na haki."

Nimemdharau mtu huyu tangu nina miaka tisa, na nilidhani nimemwona katika kila hali. Hiyo sikuwahi kuiona. Kidevu kilishuka. Mkono ulianza kupapasa magoti yake, kitu ambacho wazee hufanya wanapotaka kusimama na hawawezi. Nilikuwa nimemnyang'anya beji. Sasa nilikuwa nimekuja mpaka kwenye bamia kumnyang'anya na kile kidogo kilichombakia, ati mimi nipumue.

"Mwalimu, nakutania," nikasema.

"Unanitania?"

"Nakutania. Hadithi ni ya kweli. Nilitaka kuona kama bado una hasira."

Alinitazama kwa muda. Alikuwa mwalimu, alikuwa amewasikiliza watoto waongo maisha yake yote, na sijui aliona nini usoni kwangu. Kisha kidevu kikaanza kupanda.

"Tangu utotoni huna adabu," alisema. "Watahini wale waliniogopa."

"Walikuogopa, Mwalimu."

Mkamwana wake, aliyezaliwa hapa na anayeelewa Kiswahili nusu, alikuwa amesimama na mfuko wa nyanya. Aliniuliza kwa Kiingereza kama ni kweli, hii habari ya malkia, maana wao nyumbani wanaisikia kila Diwali.

Mwalimu alikuwa akinitazama.

"Ni kweli," nikamwambia. "Yule mzee alikuwa jirani yangu. Hakuvua kofia hata siku moja."